Majaribio ya mifumo mikubwa ya kompyuta: Mashine hupima, binadamu huamua

JUMAPILI ya Aprili 22, 2018 jioni, benki ya TSB ya Uingereza ilifungua tena huduma zake za intaneti na simu, ambazo zilikuwa zimefungwa mwishoni mwa juma hilo ili kupisha kazi ya kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Benki hiyo ilikuwa na wateja wapatao milioni 5.2, na maandalizi ya siku hiyo yalikuwa yamechukua zaidi ya miaka miwili.

Kumbukumbu zenyewe zilihama salama. Kilichoshindwa ni mfumo uliozipokea. Mara tu wateja walipoanza kuingia, wengi wao walikataliwa, wengine walikuta malipo yao hayapiti, na baadhi walioneshwa taarifa za akaunti zisizo zao. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kwa muda. Matawi yote ya benki yaliathirika, na hali haikurejea kuwa ya kawaida kikamilifu hadi Desemba mwaka huo.

Benki ililipa fidia ya pauni milioni 32.7 kwa wateja walioathirika. Desemba 2022, mamlaka mbili za usimamizi wa fedha za Uingereza, FCA na PRA, ziliitoza faini ya jumla ya pauni milioni 48.65. Hesabu za benki yenyewe za mwaka 2018 zilionesha kuwa mkasa huo uliigharimu pauni milioni 330, na kwamba wateja wapatao 80,000 walihamia benki nyingine.

Mfumo huo haukuwashwa bila kujaribiwa. Majaribio yalifanyika, tena mengi, na taarifa zake ziliandikwa. Hivyo basi, swali linalozikabili taasisi zote zinazobadili mifumo yao mikuu si kama majaribio yamefanyika, bali yamefanyika wapi, kwa kipimo gani, na nani aliyasikiliza matokeo yake. Swali hilo limekuwa zito zaidi katika zama hizi ambapo sehemu kubwa ya majaribio hufanywa na mashine badala ya watu.

Mfumo mkuu wa taasisi

Mfumo mkuu wa taasisi ni programu moja, au kundi la programu zilizounganishwa, linalobeba shughuli zote muhimu za taasisi: uhasibu, ununuzi, mauzo, ghala, uzalishaji, mishahara na kumbukumbu za wafanyakazi. Kampuni ya SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mifumo ya aina hiyo, sambamba na Oracle ya Marekani.

Ugumu wa mifumo hiyo unatokana na sifa yake njema kuliko zote, yaani kuunganika. Ofisa ununuzi anapoidhinisha oda ya mifuko 500 ya saruji, mfumo huandika deni tarajiwa katika bajeti. Mzigo unapofika, mtunza ghala huupokea na hesabu ya bidhaa hupanda. Ankara ya mwuzaji inapoingia, mfumo huilinganisha na oda na stakabadhi ya ghala. Vitu vyote vitatu vikikubaliana, malipo huandaliwa, kodi hukatwa, na leja kuu hubadilika. Tukio moja limegusa idara nne.

Kwa sababu hiyo, badiliko dogo katika kanuni ya kodi laweza kuvuruga malipo ya muuzaji, na marekebisho katika skrini ya ghala yaweza kuharibu mizania ya mwisho wa mwezi. Fundi aliyefanya marekebisho hayo huenda asijue kabisa, kwani sehemu aliyoishughulikia yeye inafanya kazi vizuri.

Kampuni ya Hershey ya Marekani, inayotengeneza chokoleti na peremende, iliyaonja hayo mwaka 1999. Kampuni hiyo iliwasha kwa pamoja mifumo ya makampuni matatu tofauti, SAP, Siebel na Manugistics, katika mradi wa dola milioni 112. Kazi iliyokadiriwa kuhitaji miezi 48 ilibanwa iishe katika miezi 30, ili mfumo wa zamani uondolewe kabla ya mwaka 2000. Mfumo mpya uliwashwa Julai, wakati wenye maduka walipoanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween. Bidhaa zilikuwapo ghalani, lakini mfumo haukuweza kuzipeleka kwa walioziagiza, na oda zenye thamani ya takriban dola milioni 100 hazikutimizwa.

Aina za majaribio

Majaribio ya programu hupangwa kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni jaribio la kipande, ambapo sehemu ndogo kabisa ya programu, kwa mfano kanuni ya kukokotoa kodi ya mshahara, hupimwa peke yake. Ngazi ya pili ni jaribio la muungano, linalopima iwapo sehemu mbili zinazowasiliana zinaelewana. Ngazi ya tatu ni jaribio la mfumo mzima, linalofuata shughuli tangu mwanzo hadi mwisho, kama safari ya oda ya saruji iliyoelezwa hapo juu. Ngazi ya nne ni jaribio la kukubaliwa, ambapo watumiaji wenyewe, yaani wahasibu, makarani na watunza ghala, huufanyia mfumo kazi zao za kila siku na kusema kama unafaa.

Yapo pia majaribio yanayokata ngazi zote. Jaribio la mzigo hupima mfumo unavyohimili watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Jaribio la usalama hutafuta mianya ya wadukuzi. Jaribio la uhamishaji wa kumbukumbu huhakikisha kwamba kilichokuwamo katika mfumo wa zamani kimefika chote, na bila kubadilika, katika mfumo mpya.

La mwisho katika orodha hiyo, ambalo ndilo huchosha kuliko yote, ni jaribio la marudio. Kila mara programu inaporekebishwa, mambo yaliyokuwa yakifanya kazi jana hupimwa upya ili kuhakikisha kwamba hayakuharibika. Jaribio hilo halina mwisho kwa sababu marekebisho hayana mwisho, na ndilo mlango ambao mashine ziliingilia katika kazi hii.

Hesabu ya kuchosha

Chukua mfano wa taasisi yenye majaribio 1,200 ya kupima mfumo wake, kila moja likihitaji dakika 15 za mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Jumla yake ni saa 300. Mtu mmoja anayejaribu kwa saa sita kwa siku atahitaji siku 50 za kazi. Watu kumi watahitaji wiki nzima.

Katika miezi ya mwisho ya mradi mkubwa, toleo jipya la programu huweza kutoka kila wiki, na pengine kila siku. Hivyo watu kumi hao watakuwa wanamaliza kupima toleo moja wakati toleo jingine limekwisha kufika, na kwa kawaida huishia kuchagua majaribio machache na kuyaacha mengine. Aidha, anayerudia kazi ileile kwa mara ya nane haoni kwa makini kama alivyoona mara ya kwanza.

Mashine ikiyatekeleza majaribio hayohayo kwa dakika mbili kila moja, itatumia saa 40. Kompyuta tano zikigawana kazi hiyo, yote yatakwisha kwa saa nane. Majaribio yataanza wafanyakazi wanapokwenda nyumbani, na taarifa itakuwa mezani wanaporejea asubuhi. Kasoro iliyoingizwa jana itaonekana leo, wakati fundi aliyeisababisha bado anakumbuka alichokigusa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi ya programu ufa unaogunduliwa baada ya siku moja ni mdogo kuliko ule unaogunduliwa baada ya miezi sita.

Nyenzo za kazi hiyo zina historia ndefu. Katika miaka ya 1990 makampuni makubwa yalinunua programu za majaribio kama WinRunner ya kampuni ya Mercury Interactive, ambayo baadaye, mwaka 2006, ilinunuliwa na Hewlett-Packard kwa takriban dola bilioni 4.5. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit, nyenzo ya kujaribu vipande vya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Mwaka 2004 Jason Huggins, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, alianzisha Selenium, nyenzo inayoiongoza programu ya kuperuzi intaneti kama inavyoongozwa na mkono wa mtu: inabonyeza vitufe, inajaza fomu na kusoma majibu. JUnit na Selenium hutolewa bure, jambo lililoziwezesha hata taasisi zenye fedha kidogo kuanza kazi hii.

Namna jaribio linavyoandikwa

Jaribio la mashine huwa na sehemu tatu. Kwanza ni hali ya kuanzia: mfanyakazi wa daraja fulani, mwenye mshahara fulani, aliyefanya kazi saa kumi za ziada. Pili ni kitendo: kukokotoa mshahara wa mwezi. Tatu ni tokeo linalotarajiwa: kiasi kamili anachotakiwa kulipwa, hadi senti ya mwisho. Mashine hutekeleza kitendo, hulinganisha tokeo na lile lililotarajiwa, na kuandika kama limefaulu au limefeli.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa mashine haijui kiasi sahihi ni kipi. Lazima aambiwe na mtu anayezijua kanuni za malipo, naye kwa kawaida si fundi wa kompyuta bali ni mhasibu mzoefu wa idara ya mishahara. Taasisi inayowaachia mafundi peke yao kazi ya kuandika majaribio huishia kupima iwapo programu inafanya kile ambacho fundi alidhani inapaswa kufanya.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuandika majaribio yote kwa kupitia skrini. Jaribio linalobonyeza vitufe ni dhaifu: kitufe kikibadilishwa jina au kikihamishwa mahali, jaribio hufeli ingawa mfumo hauna kasoro. Baada ya wiki chache watu huanza kuzipuuza taarifa za kufeli, na kasoro ya kweli ikitokea hupita katikati ya kelele. Kwa sababu hiyo ushauri uliozoeleka ni kuwa na majaribio mengi ya vipande, machache zaidi ya muungano, na machache kabisa ya skrini, mfano wa piramidi yenye kitako kipana.

Jambo la pili ni kumbukumbu za kujaribia. Majaribio yanayotumia wateja kumi wa kubuni, wote wenye majina mafupi na anwani kamili, hayataonesha kitakachotokea mfumo utakapokutana na mteja aliyefungua akaunti miaka 30 iliyopita na kubadili jina mara mbili. Nakala ya kumbukumbu halisi ndiyo bora, ila majina, namba za simu na namba za akaunti sharti zifichwe kwanza, kwani mazingira ya majaribio huguswa na watu wengi wasio na haki ya kuona siri za wateja.

Jambo la tatu ni uhamishaji wenyewe. Hapa mashine haina mshindani. Huanza kwa kuhesabu: akaunti ngapi zimetoka na ngapi zimefika. Kisha hujumlisha salio lote la upande mmoja na kulilinganisha na la upande wa pili. Hatimaye hulinganisha rekodi moja baada ya nyingine, kazi ambayo kwa mamilioni ya rekodi haiwezekani kwa jicho la binadamu.

Jambo la nne, ambalo husahaulika, ni kulijaribu jaribio lenyewe. Jaribio ambalo halijawahi kufeli huenda halipimi chochote. Mwandishi wake anapaswa kuiharibu programu kwa makusudi, angalau mara moja, na kuona kama taa nyekundu itawaka.

Funzo la mishahara ya Kanada

Mwaka 2009 serikali ya Kanada ilianzisha mpango wa kubadili namna inavyolipa mishahara ya watumishi wake. Mfumo wa zamani ulikuwa umetumika kwa takriban miaka 40. Mfumo mpya, ulioitwa Phoenix, ulijengwa juu ya programu ya PeopleSoft, na kampuni ya IBM ilipewa kandarasi ya kuusanifu mwaka 2011. Serikali ilitarajia kuokoa dola za Kanada milioni 70 kila mwaka.

Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko ilivyodhaniwa. Mishahara ya watumishi wapatao 290,000, katika wizara na idara 101, ilitawaliwa na kanuni zaidi ya 80,000 zilizotokana na mikataba mbalimbali ya kazi. Mfumo uliwashwa kwa awamu mbili, Februari na Aprili 2016. Haukuchukua muda malalamiko yakaanza: wapo waliolipwa pungufu, wapo waliolipwa kupita kiasi na kudaiwa baadaye, na wapo ambao hawakulipwa kabisa.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Kanada ya Mei 2018 ilieleza kilichotokea. Ili kubaki ndani ya bajeti na tarehe, wasimamizi wa mradi waliamua kuondoa baadhi ya kazi za mfumo, ikiwamo ya kukokotoa malimbikizo ya mishahara, kwa matarajio ya kuzirejesha baadaye. Jaribio la mwaka 2015 la kuutumia mfumo kwanza katika idara moja lilifutwa. Mfumo haukujaribiwa wote kwa pamoja kabla ya kuwashwa. Baadhi ya kazi zilizofeli majaribio hazikujaribiwa tena baada ya kurekebishwa.

Mfumo wa mishahara ndio rahisi kuliko mingi kupimwa kwa mashine. Mfumo wa zamani unatoa jibu kila siku ya malipo. Mifumo miwili ikiendeshwa sambamba kwa miezi kadhaa, mmoja ukilipa na mwingine ukikokotoa tu bila kulipa, programu ya ulinganishi huweza kuonesha kila mtumishi ambaye majibu yake yametofautiana. Kila tofauti ina maelezo: ama mfumo mpya umekosea, ama wa zamani ulikuwa ukikosea siku zote. Orodha ya tofauti inapofikia sifuri, au inapobakiwa na zile tu zinazoeleweka, ndipo wenye mamlaka wana sababu ya kuwasha.

Hata hivyo, nyenzo hiyo haina faida ikiwa uamuzi wa kuwasha umekwisha kufanywa. Nchini Kanada tatizo kubwa halikuwa kukosekana kwa taarifa za kasoro. Wasimamizi walizifahamu kasoro kadhaa na bado waliendelea, huku ratiba na bajeti zikipewa uzito kuliko uwezo wa mfumo wa kulipa watu.

Kituo kimoja kati ya viwili

Mkasa wa TSB una funzo la aina nyingine. Benki hiyo ilikuwa imetenganishwa na kundi la Lloyds mwaka 2013 kutokana na masharti ya Umoja wa Ulaya, lakini iliendelea kukodi mfumo wa kompyuta wa Lloyds. Sabadell ya Hispania ilipoinunua mwaka 2015, mpango ulikuwa kuihamishia kwenye mfumo mpya utakaotokana na ule wa Sabadell, na kazi hiyo ilipewa SABIS, kampuni tanzu ya Sabadell ya teknolojia.

Bodi ya TSB iliiagiza kampuni ya mawakili ya Slaughter and May kuchunguza kilichotokea, na ripoti yake ilichapishwa Novemba 2019. Ripoti hiyo ilisema mfumo haukuwa tayari kubeba wateja wote wa benki, wala SABIS haikuwa tayari kuuendesha.

Mfumo mpya ulitegemea vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanya kazi kwa pamoja, vikigawana mzigo. Vituo hivyo vilipaswa kufanana kwa kila kitu. Majaribio ya mzigo, hata hivyo, yalifanyika katika kituo kimoja tu. Mipangilio ya vituo hivyo ikawa na tofauti, na tofauti hizo zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya matatizo yaliyowakumba wateja mara baada ya mfumo kufunguliwa. Uamuzi wa kujaribu kituo kimoja, kwa mujibu wa ripoti hiyo, haukufikishwa kwa bodi.

Mashine za kupima mzigo hufanya kazi kwa kujifanya wateja. Kompyuta kadhaa huigiza maelfu ya watu wanaoingia, wanaoangalia salio na kulipa bili, kisha hupima muda ambao mfumo unachukua kujibu. Matokeo yake huwa ya kweli kuhusu kile kilichopimwa. Kituo cha kwanza kilipopimwa, majibu yalikihusu kituo cha kwanza. Hakuna skripti ingeweza kusema lolote kuhusu kituo cha pili ambacho haikuelekezwa kwake.

Jambo jingine ni ratiba. Uhamaji ulipangwa kufanyika Novemba 2017. Septemba mwaka huo ilionekana dhahiri kwamba hautawezekana, na mpango ukaandikwa upya. Wachunguzi walibaini kwamba baadhi ya kazi zilikuwa nyuma kwa miezi kama saba, ilhali mpango mpya uliongeza takriban miezi minne tu. Bodi haikuuliza ni kwa vipi hesabu hiyo ingetimia. Wachunguzi walieleza pia kwamba mipango ilianza na tarehe ya mwisho kisha ikarudi nyuma, badala ya kuanza na kazi yenyewe na kuona itaisha lini. Katika mpango wa aina hiyo majaribio huumia kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayokaa mwishoni mwa foleni.

Wajibu huo haukuishia kwa taasisi pekee. Aprili 2023, mamlaka ya PRA ilimtoza faini ya pauni 81,620 aliyekuwa mkuu wa teknolojia ya habari wa benki hiyo, kwa kutohakikisha ipasavyo kwamba mtoa huduma alikuwa tayari kwa kazi aliyopewa.

Yasiyowezekana kwa mashine

Taarifa ya asubuhi inayoonesha kwamba majaribio yote 1,200 yamefaulu ina maana moja tu, kwamba mambo 1,200 yaliyofikiriwa na watu yako sawa. Haisemi chochote kuhusu jambo la 1,201. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, alionya kuhusu hilo tangu miaka ya mwisho ya 1960: majaribio huweza kuonesha kwamba kasoro zipo, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba hazipo.

Kwa hiyo kazi ya mtu anayejaribu haiishi mashine inapoingia, bali hubadilika. Anaachiwa muda wa kufanya yale ambayo mashine haiwezi: kuingiza tarehe ya Februari 29, kufunga dirisha katikati ya malipo, kurudi nyuma mara mbili, na kujiuliza karani mwenye foleni ya watu 40 atafanya nini skrini ikiganda. Mashine haitalalamika kwamba fomu ina kurasa saba mahali ambapo moja ingetosha. Karani atalalamika, na malalamiko yake ni matokeo ya majaribio kama yalivyo mengine.

Gharama nayo isisahauliwe. Kila jaribio lililoandikwa ni programu ndogo inayohitaji kutunzwa. Mfumo ukibadilika, jaribio nalo hubadilishwa. Shughuli inayofanyika mara moja kwa mwaka, na inayobadilika kila mwaka, pengine ni nafuu kuipima kwa mkono. Yanayostahili kuachiwa mashine ni yale yanayorudiwa mara nyingi, yenye jibu lisilo na utata, na ambayo kuharibika kwake kunaumiza watu au fedha.

Vigezo vya kuwasha

Taasisi inayojiandaa kuwasha mfumo mpya inahitaji kuandika vigezo vya kuwasha mapema, wakati bado hakuna anayeshinikizwa na tarehe. Vigezo hivyo hutaja idadi ya kasoro kubwa zinazoruhusiwa, ambayo kwa kawaida ni sifuri, shughuli ambazo lazima zifaulu tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi cha mzigo ambacho mfumo umethibitika kuhimili, na idadi ya mazoezi kamili ya uhamaji yaliyofanyika bila dosari. Mara tu baada ya mkasa wa TSB, wataalamu wa IBM walioitwa kusaidia waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa vigezo madhubuti vya aina hiyo kutumika kabla ya mfumo kuwashwa.

Lazima pia ajulikane mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha, na njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani iwe imejaribiwa kama majaribio mengine yote. Mahali inapowezekana, watumiaji huhamishwa kwa mafungu: tawi moja, kisha kumi, kisha mia. Kasoro iliyoponyoka majaribio itawaumiza wachache na kutibiwa kabla haijawafikia wengi.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika miaka hii. SAP imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani wa ECC yatakoma mwishoni mwa mwaka 2027, na taasisi nyingi duniani zinalazimika kuhamia mfumo mpya wa S/4HANA au kutafuta njia nyingine. Tarehe imekwisha kutajwa, na ni rahisi kupanga kazi kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Katika miradi hiyo mashine zitaendesha majaribio usiku kucha na kutoa taarifa zake kila asubuhi. Kinachobaki ni kwamba taarifa hizo zifike kwa wenye kuamua zikiwa kamili, zikitaja yaliyopimwa na yale ambayo hayakupimwa, na kwamba wenye kuamua wawe tayari kuahirisha. Kuahirisha kuna gharama, lakini hulipwa na taasisi yenyewe. Mfumo ukiwashwa kabla ya wakati wake, sehemu ya gharama hubebwa na mtumishi aliyekosa mshahara na mteja aliyefungiwa nje ya akaunti yake.